Mali ya Umma Hulindwa na Wenyewe

Hotuba ya Kamati ya Elimu iliyosomwa katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



 Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za magunia, za mizani, za maghala na za bei. Hayo ni mambo makubwa, nasi hatutayarudia. Sisi tuliagizwa kusema habari za elimu. Katika elimu tumechagua jambo moja tu, kwa kuwa jambo hilo liko mezani petu hivi leo wala halingoji sherehe ipite.

Kila mmoja wenu aijua maktaba ndogo iliyo karibu na soko. Ni vyumba viwili na baraza. Kiwanja chake kilitolewa na wenyeji, matofali yake yalifyatuliwa na wazazi wetu, na mabati na vitabu vikaletwa na wakuu. Mwaka huu tumepokea barua kutoka kwa mamlaka inayoiendesha. Barua hiyo yasema, kwa maneno ya adabu, kwamba makisio ya mwaka ujao hayana fungu la mshahara wa mtunza maktaba, wala la vitabu vipya. Kwa hiyo Chama Kikuu chaombwa kuichukua nyumba ile na kuiendesha kwa watu wa kujitolea. Kama hakitaki, itafungwa.

Tulipoisoma barua hiyo katika vyama vya msingi tulisikia maoni ya namna mbili. Wako waliosema, "Tuichukue mara moja, tusije tukaaibika." Wako waliosema, "Iacheni ifungwe. Maktaba haiongezi hata kilo moja ya kahawa." Kamati yenu imeyapima maoni yote mawili, na kwa heshima twaona kwamba yote mawili yana upungufu. Tupeni subira kidogo tuwaeleze sababu.

Kwanza, hilo la kilo. Wengi mtakumbuka habari ya mwanachama mwenzetu mmoja, mama mjane, katika mwaka wa nne wa Chama hiki. Mama huyo aliona fedha anazopokea haziafikiani na mzigo anaoupeleka kituoni. Hakujua kosa liko wapi. Mwanawe alikwenda katika maktaba ile akaazima kijitabu cha mafunzo ya mizani na hesabu za vyama, wakakisoma pamoja usiku, ukurasa kwa ukurasa. Ndipo walipogundua kwamba uzito wa gunia tupu ulikuwa ukiondolewa kwenye mizani, kisha ukiondolewa mara ya pili ofisini. Mama hakuja na matusi; alikuja na daftari. Hesabu zilipokaguliwa alionekana kuwa na haki, na wanachama wote wa kituo kile wakarudishiwa senti zao. Basi ndugu zetu mnaosema kwamba maktaba haiongezi kilo, twawajibu kwamba maktaba ile iliwahi kuturudishia kilo ambazo hata hatukujua kwamba zimepotea. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena, kwa wanaushirika jambo hili si geni. Ni la asili yetu. Mjuavyo, ushirika wa namna hii tunaoufuata unahesabiwa kuanzia mji wa Rochdale, kaskazini ya Uingereza, ambako wafanyakazi maskini walifungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844. Walikuwa waanzilishi 28, na mtaji wao ulikuwa pauni 28 zilizokusanywa peni kwa peni. Waliuza unga, siagi na sukari, bila ya kupunja mizani. Lakini haikupita miaka mingi watu hao hao wakafungua chumba cha kusomea magazeti na vitabu juu ya biashara yao, kisha wakaweka kanuni kwamba katika kila mia ya ziada, mbili na nusu ziende kwenye elimu ya wanachama. Hawakuwa matajiri. Walijua tu kwamba mwanachama asiyesoma hana njia ya kumsimamia karani wake mwenyewe.

Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuruhusu miji kutoza kodi ndogo kwa ajili ya maktaba za umma. Zaidi ya miaka mia baadaye, katika mwaka 1964, sheria nyingine ikafanya jambo hilo kuwa wajibu: kila mamlaka ya maktaba ikatakiwa kutoa huduma iliyo kamili na yenye kufaa kwa kila mtu apendaye kuitumia. Yashikeni maneno hayo ya mwaka 1964, maana tutayarudia.

Twawaeleza habari za Uingereza kwa sababu huko ndiko barua kama hii tuliyoipokea ilikowafikia watu wengi kwa wakati mmoja. Baada ya msukosuko wa mabenki wa mwaka 2008, serikali iliyoingia mwaka 2010 ilitangaza kupunguza ruzuku inayopelekwa kwenye halmashauri kwa zaidi ya robo katika muda wa miaka minne. Halmashauri zikawa na mzigo wa kutunza wazee, watoto yatima, barabara na taka, na fedha hazikutosha. Nyingi zikageukia maktaba. Kati ya mwaka 2010 na mwaka 2019 karibu maktaba 800 zilifungwa katika nchi ile. Hilo ni taifa tajiri. Basi mtu asifikiri kwamba jambo hili huwapata maskini peke yao.

Watu wa huko hawakukaa kimya. Twapenda kuwaeleza walivyofanya katika mahali panne au patano, kwa maana kila mahali pana funzo lake, na si kila mahali walishinda.

Mahali pa kwanza ni Wirral, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Liverpool. Mapema mwaka 2009, hata kabla ya upunguzaji ule mkubwa, halmashauri ya huko iliamua kufunga maktaba 11 kati ya 24. Wakazi wakaandika, wakakutana, wakaandamana. Lakini lililokuwa na nguvu kupita yote ni kwamba waliisoma ile sheria ya mwaka 1964, wakamwomba Waziri aitumie. Waziri akaamuru uchunguzi wa wazi. Mchunguzi, Bibi Sue Charteris, akawasikiliza watu na wakuu. Halmashauri ikaifuta azma yake kabla taarifa ya uchunguzi haijatolewa. Taarifa yenyewe ilipotoka mwezi Novemba 2009 ilisema kwamba halmashauri ilivunja wajibu wake, kwa kuwa haikupima kwanza mahitaji ya watu, hasa ya watoto na ya wakazi wa mitaa maskini. Angalieni neno hilo vizuri. Kosa halikuwa kupunguza matumizi. Kosa lilikuwa kukata kabla ya kupima. Fundi wa nguo akifanya hivyo twamwitaje?

Mahali pa pili ni mji mdogo wa Stony Stratford, karibu na Milton Keynes. Mwezi wa Januari 2011 wakazi waliposikia kwamba maktaba yao iko katika hatari walifanya jambo la kuchekesha, na tena la akili. Walikwenda mmoja mmoja, kila mtu akaazima idadi yote ya vitabu aliyoruhusiwa, hata vitabu vipatavyo 16,000 vikaondoka na rafu zikabaki tupu. Hawakuvunja sheria hata moja. Waliwaonyesha wakuu kwa macho jinsi mji utakavyokuwa bila ya maktaba. Maktaba ile haikufungwa.

Mahali pa tatu ni majimbo ya Gloucestershire na Somerset. Huko halmashauri zilitaka kuacha kuzigharimia baadhi ya maktaba. Zile ambazo wenyeji wangekubali kuziendesha kwa kujitolea zingebaki, nyingine zingefungwa. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 16 Novemba 2011 hakimu akatengua uamuzi wa halmashauri zote mbili, kwa sababu hazikuangalia ipasavyo madhara yatakayowapata wale ambao sheria yataka waangaliwe kwanza, kama vile vilema na wazee.

Lakini, ndugu zetu, tusiwadanganye. Mahali pa nne ni Kensal Rise, katika jiji la London. Maktaba yake ilifunguliwa mwaka 1900 na Mark Twain, yule mwandishi mashuhuri wa Marekani. Mwaka 2011 halmashauri ya Brent ikaamua kufunga maktaba 6 kati ya 12, na hiyo ikiwa mojawapo. Wakazi wakashitaki, wakashindwa; wakakata rufani, wakashindwa tena mwezi Desemba mwaka ule ule. Mwezi wa Mei 2012, usiku wa manane, watu wakaja chini ya ulinzi wa polisi wakaondoa vitabu. Walakini wakazi hawakutawanyika. Walirudi kwenye hati ya zamani. Kumbe ardhi ile ilitolewa na chuo cha All Souls cha Oxford kwa sharti kwamba iwe mahali pa kusomea. Sharti likivunjwa, ardhi yarudi kwa mtoaji. Kwa ajili hiyo wakapata watu wa kuzungumza nao zaidi ya halmashauri. Nyumba iliuzwa hatimaye, walakini wakazi hawakutoka mikono mitupu: sehemu ya chini ikabakizwa kwa ajili ya maktaba yao.

Na mahali pa mwisho ni Friern Barnet, kaskazini ya London. Maktaba ilifungwa mwezi wa Aprili 2012. Mwezi wa Septemba watu wakaingia katika nyumba ile tupu, wakaifungua milango, na wakazi wakaleta vitabu vyao kutoka majumbani, maelfu kwa maelfu, wakazijaza rafu upya. Kesi ikafika mahakamani; mwishowe, mwezi wa Februari 2013, funguo zikakabidhiwa kwa wakazi wenyewe. Walifanya karamu, na walistahili. Lakini fikirini baada ya karamu. Tangu siku ile watu wale wanafanya kazi bila ya mshahara, na huku wakiendelea kulipa kodi ile ile waliyokuwa wakilipa wakati maktaba ilipokuwa na watumishi. Walishinda nusu.

Hapo ndipo jambo letu linapoingia. Wale wenzetu wanaosema, "Tuichukue mara moja," wana moyo mwema, nasi twawaheshimu. Kujitolea ni sifa yetu. Bila ya kujitolea Chama hiki kisingefika hata mwaka wa pili. Lakini yafaa kujiuliza: mtu wa kujitolea atafungua mlango siku ngapi? Wakati wa kuchuma kahawa ni nani atakayekaa mezani? Na je, tukiipokea maktaba leo bila ya kuuliza neno, mwakani tutaletewa barua ya zahanati? Mwaka wa tatu ya daraja? Ushirika uliundwa ili mkulima asinyonywe katika jasho lake. Haukuundwa ili jasho hilo lilipe mara mbili kitu kimoja.

Wala hatutaki kuwatukana wakuu. Fedha ya Serikali ina mwisho kama fedha ya kila nyumba. Yuko anayetaka dawa, yuko anayetaka maji, yuko anayetaka mwalimu. Pengine ni kweli kwamba fungu halipo. Lakini "pengine" si hesabu. Katika Chama chetu karani akisema fedha hazipo, hatumpigi wala hatumwamini, twamwambia, "Fungua kitabu." Kile tunachomtaka karani wetu ndicho tunachoweza kukitaka, kwa adabu ile ile, kwa yeyote anayeshika mali ya umma.

Tena sisi tumekwisha kuonja matunda ya kunyamaza. Nchi yetu ilianza vizuri. Sheria ya mwaka 1963 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba ya Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada yake maktaba za vijiji zikaanzishwa kwa wingi, ili yule aliyejifunza kusoma ukubwani apate cha kusoma. Fedha zilipoadimika katika miaka ya 1980, nyingi zikakosa vitabu vipya, zikageuka kuwa stoo, zikafa. Katika kijiji cha wengi wetu iliyokuwapo ilikufa bila ya mkutano hata mmoja. Hakuna aliyeifunga, ilisahauliwa. Na asiyesoma kwa miaka mingi husahau herufi, kama jembe lisilotumika linavyoliwa na kutu.

Na katika ushirika wenyewe, wazee mliopo hapa hamhitaji kukumbushwa mwaka 1976, Serikali ilipovivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria mpya ikavirudisha mwaka 1982, lakini kitu kilichovunjwa hakirudi kama kilivyokuwa. Majengo, magari na mazoea ya kazi vilikuwa vimetawanyika. Funzo tulilolipata ni kwamba kujenga upya ni ghali kuliko kulinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Kamati yako haiombi Mkutano uipokee maktaba, wala haiombi Mkutano uiache ifungwe. Yaomba mambo manne.

La kwanza, Bodi iijibu barua ile kwa maandishi, ikiomba kuonyeshwa hesabu: maktaba yagharimu kiasi gani kwa mwaka, fungu lake lilikuwa kiasi gani kwa miaka iliyopita, na ni huduma gani nyingine zilizopunguzwa pamoja nayo. Jibu litakalokuja lisomwe katika kila chama cha msingi, si ofisini peke yake.

La pili, tupime sisi wenyewe mahitaji kabla hatujasema neno jingine. Kila chama cha msingi kiandike ni watu wangapi wanaoitumia maktaba ile, watoto wangapi wa shule wanaofanyia humo masomo ya jioni kwa kuwa nyumbani hakuna taa, na ni nani asiyeweza kwenda mbali zaidi. Makatibu wetu wanajua kuhesabu magunia. Basi safari hii wahesabu wasomaji. Watu wa Wirral walishinda kwa sababu halmashauri haikuwa na hesabu hizo. Sisi tuwe nazo.

La tatu, itafutwe hati ya kiwanja. Wazee waliotoa ardhi ile bado wako, au watoto wao wako. Waliitoa kwa sharti gani? Maneno ya mdomo yaandikwe sasa, mbele ya mashahidi, wangali hai wanaoyakumbuka.

La nne, watu wetu waiingie maktaba. Ni aibu kutetea mlango ambao hatuupiti. Kila mjumbe aliyeketi hapa akaazime kitabu kimoja kabla ya msimu kuanza, akisome, akirudishe kwa tarehe yake. Tukienda mbele ya wakuu huku kadi zetu hazina hata muhuri mmoja, watatucheka, na watakuwa na haki.

Ikiwa baada ya hayo yote itaonekana kwa hesabu za wazi kwamba fungu halipo kweli, hapo ndipo tutakapoketi kama washirika, upande huu na upande ule, tutafute mapatano: wao watoe nini, nasi tutoe nini kutoka mfuko wetu wa elimu, na kwa muda gani. Mapatano hayo yaandikwe na yawe na mwisho wake. Twaweza kusaidia kubeba mzigo. Hatuwezi kukubali kutupiwa mzigo gizani.

Twajua wako watakaosema kwamba haya ni maneno mengi kwa vyumba viwili na baraza. Labda. Lakini duka la Rochdale nalo lilikuwa ghorofa ya chini ya nyumba kuukuu, na siku ya kwanza watoto wa mitaani waliwazomea. Kitu kidogo cha umma hupotea kwa wepesi kwa sababu kila mtu hudhani mwingine anakilinda.

Miaka kumi iliyopita, tulipokutana mara ya kwanza, tulikuwa na meza moja, mizani moja ya kuazima, na daftari. Leo tuna ghala. Mizani tumekwisha irudisha kwa mwenyewe. Daftari lile bado liko ofisini, na majina ya wanachama wa kwanza yangali yanasomeka. Baadhi yao waliweka alama ya dole gumba kwa kuwa hawakujua kuandika. Watoto wao leo ndio makarani na wakaguzi wa Chama hiki, na wengi wao walijifunzia kusoma katika vyumba vile viwili. Yule mama tuliyemtaja yuko kati yenu mchana huu. Kadi yake ya maktaba ni ya zamani kuliko kadi yake ya uanachama, na ametuambia kwamba Jumatatu atakwenda kuazima kitabu kingine. Twaomba asiende peke yake.